Pikipiki inalipua kwenye ekzosi ukiachia resi: tafuta hewa kabla hujafungua hedi

Swali la msomaji wa Kimara: "Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda ya cc 150, ya kabureta, kijiwe changu kipo Kimara Mwisho. Tajiri aliileta kutoka Mbeya mwezi wa tatu. Tangu ifike ilikuwa inakohoa kidogo kwenye ekzosi nikiachia resi, nikaona ni kawaida. Mwezi uliopita ekzosi ilioza kwa kutu, tukafunga nyingine ambayo ni ya wazi kidogo. Sasa nikishuka kwenda Ubungo nikiwa gia ya nne, resi nimefunga, inalipua pa-pa-pa mpaka abiria wananing'ang'ania mabega. Nikivuta resi haina tatizo lolote. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, haikusaidia. Wa pili anasema ni valvu, anataka kufungua hedi. Wenzangu kijiweni wananiambia niwe nazima swichi kwenye mteremko. Nifuate lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Hedi, yaani kichwa cha injini, isifunguliwe kwanza, na swichi usiizime. Hayo mawili yashike hata kama hutasoma mengine.

Nianze na swichi, kwa sababu humo ndimo kuna maelezo ya tatizo lako lote. Ukizima swichi ukiwa kwenye gia, unakata cheche tu, petroli hujaikata. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui kama swichi imezimwa. Gurudumu linazungusha injini, pistoni inaendelea kunyonya, na kila inachonyonya kinapita kibichi mpaka kwenye mafla, ile sehemu ya ekzosi inayomeza kelele. Ukija kuwasha tena pale chini, moto wa kwanza unaotoka kwenye silinda unakuta bomba limejaa mvuke wa petroli. Wale vijana wanaokatiza mitaani usiku wakipasua masikio ya watu hawana ufundi mwingine zaidi ya huo: wanashika resi, wanazima, wanawasha. Nimeshaletewa mafla iliyofunguka mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa mchezo huo, vizuizi vya ndani vimelegea vinacheza kama kokoto kwenye debe. Kwa hiyo wenzako wanakupa dawa ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Na wasikuhamishie kwenye nyutro pia. Mteremko ule na abiria wawili nyuma, breki ya ngoma ikipata moto inalegea, na huna injini ya kukushikilia.

(Kati ya Kimara Mwisho na Ubungo kuna kituo kinaitwa Baruti. Abiria wako labda wanadhani unawatangazia kituo.)

Sasa kinachotokea. Petroli inaungua vizuri ikipata hewa ya kutosha na isiyozidi. Kwa uzito ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Ukivuta resi, kabureta inaupata uwiano huo kwa urahisi, au inazidisha petroli kidogo, na ndiyo maana unasema haina tatizo. Ukiachia resi ukiwa kwenye gia, mambo yanageuka. Mlango wa kabureta umefungwa, injini bado inazunguka kwa kasi, mvuto ndani ni mkubwa, na njia pekee iliyobaki ya petroli ni ile nyembamba ya silensa (injini inapozunguka polepole bila kuvutwa resi), inayopitia kitundu kinachoitwa jeti ndogo. Kinachoingia ni kidogo, tena kinachanganyika na moshi uliobaki ndani ya silinda. Cheche inapiga, lakini mchanganyiko hafifu namna hiyo haushiki moto kila mara. Mzunguko mmoja unaungua, unaofuata hauungui, na ule ambao haukuungua unatupwa kwenye ekzosi ukiwa mbichi. Huko ukikuta joto na hewa safi, unawaka. Hiyo ndiyo pa-pa-pa yako.

Kwa hiyo lazima vitu vitatu vikutane ndani ya bomba: petroli ambayo haikuungua, joto, na hewa. Joto huwezi kuliondoa. Petroli kidogo itapita tu, hakuna kabureta isiyopitisha. Kinachobaki mikononi mwako ni hewa: ile inayoingia mahali isipotakiwa, na ile inayoizidi petroli kwenye kabureta. Ndiyo maana plagi mpya haikusaidia. Na usidanganywe na rangi ya plagi ya zamani. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia ya karanga iliyokaangwa, inakuambia injini inaungua vizuri ukiwa umevuta resi, maana ndiyo hali inayokaa nayo muda mrefu. Kuhusu sekunde tano za mteremko na resi imefungwa, haikuambii kitu.

Kwenye barua yako mimi naona mambo mawili, na nadhani yamepandana. La kwanza ni Mbeya. La pili ni ekzosi mpya. Nitaanza na ekzosi, kwa kuwa ndilo lililokuleta kwangu na ndilo jepesi kulikagua.

Wanapobadilisha ekzosi, mafundi wengi wanaangalia bomba tu. Mimi naangalia gasketi ya shaba, ile pete inayokaa pale shingo ya ekzosi inapoingia kwenye hedi. Ile pete imetengenezwa ikandamizwe mara moja. Ikishakandamizwa imeshapata umbo la shingo ya zamani. Ukifunga shingo mpya juu yake inakaa upande, na upenyo unaobaki hauuoni kwa macho. Moshi ukitoka kwa nguvu unatoka kupitia pale, unausikia ssi-ssi. Halafu kila baada ya msukumo wa moshi kuna mvuto mdogo unaorudi nyuma, na mvuto huo unanyonya hewa ya nje kuiingiza kwenye bomba. Ukiwa na resi wazi, huo mvuto haufui dafu mbele ya msukumo. Ukiachia, hewa inaingia na kukuta petroli mbichi.

Hili nililipia ada. Niliwahi kukaa na pikipiki siku mbili nzima, kabureta nimeifungua mara tatu, jeti nimezisafisha hadi zinang'aa, na bado inalipua. Asubuhi ya siku ya tatu nikaiwasha injini ikiwa ya baridi kabisa, nikasogeza kidole karibu na shingo ya ekzosi, bila kugusa. Nikasikia pumzi ya vuguvugu inapiga ncha ya kidole, fu, fu, fu, inafuatana na injini. Nikainama na tochi. Kulikuwa na mstari mweusi wa masizi umepita kwenye hedi, mwembamba kama wanja. Nilipofungua nikakuta gasketi mbili: ya zamani ilikuwa imeganda ndani ya tundu, imekuwa rangi moja na chuma, na aliyenitangulia aliweka mpya juu yake bila kujua kuna nyingine. Niliing'oa kwa ncha ya bisibisi nyembamba, nikaweka moja tu, kelele ikaisha. Siku mbili za watu kwa kitu cha bei ya chai na chapati.

Kwa hiyo fanya hivi. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, na kabla bomba halijapata moto pitisha kidole karibu na shingo, kisha karibu na maungio ya bomba na mafla. Una sekunde chache tu, baada ya hapo utaungua. Mtu mwingine alizibe kidogo tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa. Ekzosi isiyovuja itamsukuma mkono na injini itataka kuzima. Inayovuja itapiga mluzi mahali inapovujia. Ukitaka uhakika zaidi, nenda kwa jamaa wa pancha. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mwambie apulize upepo mdogo kwenye tundu la nyuma kupitia kitambaa, wewe paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, umeshapata mlango.

Ukipata, nunua gasketi mpya. Chungulia ndani ya tundu kama hakuna nyingine iliyoganda. Nati mbili za shingo zianze kwa mkono, halafu bolti ya kushikilia mafla iingie ikiwa legevu. Kaza shingo kwanza, upande huu kidogo, upande ule kidogo, ndipo ukaze mafla. Ukianza na mafla unalivuta bomba, shingo inakaa kombo, na gasketi mpya inaharibika kabla haijafanya kazi. Zungusha mtaa mmoja, iache ipoe, kaza tena. Usikubali kupakiwa gundi ya kawaida ya gasketi pale. Joto la shingo linaimaliza. Na kama bomba la zamani lilioza kwa kutu, ujue lile la sasa nalo linakaa kwenye hewa hiyo hiyo ya chumvi, kwa hiyo uwe unaliangalia hasa kwenye sehemu za kuchomelea.

Kuhusu ekzosi yenyewe kuwa ya wazi: inachangia, maana moshi ukitoka kirahisi zaidi, mchanganyiko uliokuwa hafifu unazidi kuwa hafifu kidogo, na pia haifichi sauti. Mlio uliokuwa unamezwa na mafla ya zamani sasa unatoka wote. Ningekuwa mimi ningemshauri tajiri arudishe mafla ya aina ile iliyokuja nayo. Lakini hilo ni la mfuko wake.

Twende Mbeya. Mji ule uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi au zaidi. Kabureta inayopata hewa nyepesi inakuwa na petroli nyingi kuliko inavyohitaji: silensa inakuwa nzito, plagi inakuwa nyeusi, mafuta yanaliwa. Fundi wa huko, na hana kosa, anapunguza petroli mpaka injini itulie. Wengine wanafunga kabisa jeti ndogo zaidi. Kisha pikipiki inapanda lori, inateremshwa Dar, inakuta hewa nzito ya pwani. Skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta iko pale pale ilipoachwa. Sasa hewa imezidi na petroli imepungua, na sehemu inayoumia kwanza ni ile njia nyembamba ya silensa. Kile kikohozi cha mwezi wa tatu ulichokiona cha kawaida, mimi nadhani kilikuwa hicho. Ekzosi imekuja kumwaga petroli kwenye moto, na hapa sisemi kwa mafumbo.

Kabla ya kushika bisibisi kuna kipimo cha bure. Jumapili asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu na bila abiria, shuka mteremko wako kama kawaida uisikie inavyolipua. Rudia, safari hii ukiwa umevuta choki nusu kabla ya kuachia resi. Mlio ukipungua sana, petroli ya silensa ni ndogo, na kazi yako iko kwenye kabureta. Ukizidi na kuwa mzito, bo, bo, na moshi mweusi, basi petroli ilikuwa nyingi tangu mwanzo. Angalia eya klina (chujio la hewa) kama imeziba vumbi, au choki kama hairudi. Usipobadilika hata kidogo, rudi kwenye shingo ya ekzosi ukatafute tena, hukuona vizuri.

Tuseme choki imekupa jibu. Bado usiguse skrubu. Angalia kwanza ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Jua na petroli vinaukausha, unapata nyufa ambazo zinajificha mpaka uisukume kabureta kwa mkono. Injini ikiwa kwenye silensa, nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mbu kuzunguka ule mpira na pale unapofungwa kwenye hedi. Silensa ikiyumba, hewa inaingia hapo, na hakuna skrubu itakayokusaidia. Watu wanapenda kutumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi, lakini kuipuliza kwenye injini ya moto ni kujitafutia gazeti, maji yanatosha. Hakikisha pia eya klina ina sponji yake ndani. Nimekuta nyingi vijiweni ambazo sponji ilitupwa "ili ipate pumzi". Inapata pumzi, na vumbi la Goba pia.

Sasa skrubu. Kwenye kabureta kuna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wakate tamaa. Ile kubwa inayosukuma mlango wa resi ni ya kupandisha na kushusha silensa. Ile ndogo iliyozama ndiyo ya mchanganyiko, na ina tabia mbili kutegemea ilipokaa. Ikiwa upande wa eya klina, inapima hewa: ukiifunga unaongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ukiifungua unaongeza petroli. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine atazidisha tatizo huku akiapa kwamba analitibu. Mwulize kabla hajaanza, "hii inapima nini?" Akikujibu bila kuangalia imekaa upande gani, ondoka.

Injini iwe imetembea dakika kumi, siyo imewashwa tu. Funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse chini, huku ukihesabu mizunguko. Iguse tu, usiikaze. Ncha yake ni nyembamba kama sindano, ikikatikia mule ndani umenunua kabureta. Hesabu uliyopata iandike. Nyingi za namna hii zinakaa vizuri kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu kutoka chini. Irudishe ilipokuwa, pandisha silensa kidogo, halafu geuza robo mzunguko kuelekea kwenye petroli zaidi, ngoja sekunde kumi, sikiliza. Injini itapanda sauti yenyewe. Endelea robo kwa robo mpaka ifike mahali haipandi tena, kisha ongeza kidogo sana upande wa petroli, chini ya robo. Shusha silensa irudi mahali pake, karibu mizunguko 1,300 hadi 1,400 kwa dakika kama una mita. Kama huna, iwe imetulia bila kutetemesha vioo. Shuka mteremko usikilize.

Kama skrubu inayopima petroli imefunguka zaidi ya mizunguko mitatu na bado inataka zaidi, jeti ndogo imeziba au ni ya Mbeya. Itoe, iangalie juani. Tundu lake ni jembamba kuliko unavyofikiri. Usiingize waya wa chuma, utalipanua na hutaligundua mpaka uone mafuta yanavyoliwa. Mimi natumia mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, ninaununua Feri. Unapita, unasukuma uchafu, haukwaruzi. Kisha soma namba iliyochapwa kwenye jeti na uilinganishe na ya kitabu cha pikipiki. Ikiwa ndogo kuliko ya kitabu, badilisha, hesabu imeisha. Petroli ya chupa nayo inaleta uchafu huo. Vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, vinawekwa kwenye mafuta yanayopitia vituoni. Chupa ya kando ya barabara haikupi dhamana yoyote.

Viwili vya haraka. Baadhi ya kabureta zina kifuniko kidogo cha pembeni, skrubu mbili, ndani kuna ngozi ya mpira na springi. Kazi yake ni kukata hewa ya njia ya silensa pale tu unapoachia resi, ili mchanganyiko usiwe hafifu. Ngozi ikichanika, unapata tatizo hili hili na kila kitu kingine kizima. Iangalie kwenye mwanga. Na kama una mrija unaotoka upande wa eya klina kwenda kwenye hedi karibu na ekzosi, huo unapeleka hewa safi kwenye moshi ili uungue zaidi, na una valvu inayotakiwa kuufunga ukiachia resi. Ubane kwa koleo kwa jaribio moja. Kelele ikikatika, valvu hiyo ndiyo mbovu.

Vipi kuhusu valvu za yule fundi wa pili? Hajatunga. Valvu ya kutolea moshi ikibanwa na tapeti (skrubu ya kurekebisha nafasi ya valvu) haifungi sawasawa na inaweza kulipua. Lakini pikipiki ya hivyo ungeniandikia mengine: kiki nyepesi, asubuhi haitaki kuwaka, silensa haishiki, kilima inakataa. Wewe unasema ukivuta resi haina tatizo. Tena hata kama ni hiyo, tapeti inapimwa bila kufungua hedi. Injini ikiwa ya baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) inapita. Vipimo vya injini ndogo kama hii vingi viko kati ya milimita 0.05 na 0.10, cha kwako kiko kwenye kitabu. Na usitafute kelele: tapeti inayogonga inakusumbua masikio tu, iliyonyamaza kabisa ndiyo inayounguza valvu.

Mlio mmoja au miwili hafifu ukiwa unashuka na resi imefungwa utabaki, hasa na ekzosi hiyo. Huo uache, usije ukajaza petroli kwenye silensa kuufukuza mpaka pikipiki inywe hesabu yako ya siku.

Ukishamaliza, andika idadi ya mizunguko na namba ya jeti kwa makapeni chini ya siti. Tajiri akija kuiuza tena Mbeya, fundi wa huko ajue pa kuanzia.